NENO MOJA, NURU MBILI
Aliyeamka chini ya mti, na swali la mchungaji wa Berlin



Ndugu wapendwa katika Kristo, yapo maneno tunayoyatumia kila siku bila kujiuliza yametoka wapi. Tunasema kwamba fulani "ameelimika", kwamba huyu "ana mwanga" na yule bado "yumo gizani". Tunayasema katika mahafali ya shule na katika vikao vya wazazi, hata katika mahubiri. Vijana wetu wanaorudi kutoka vyuo vikuu nao huyatumia, na wakati mwingine huyatumia dhidi yetu: hutuambia kwamba aliyepata mwanga wa akili hana tena haja ya padre wala ya sala za bibi yake. Wapo wengine, hasa waliokaa miji mikubwa na nchi za ng'ambo, wanaotuambia kwamba mwanga wa kweli uko Mashariki, katika ukimya wa watawa wa Kibudha, na kwamba Kanisa limebaki na kelele tu.

Juma hili tunapenda kuitazama historia ya wazo hilo la mwanga. Tukiifuata kwa uvumilivu tutaona kwamba makundi haya mawili yanazungumza juu ya mambo mawili tofauti kabisa, ambayo tafsiri imeyavika jina moja. Tena tutaona kwamba kila jambo kati ya hayo mawili linatuletea swali ambalo hatuwezi kulikwepa kwa kulikemea tu.

ALIYEAMKA

Tuanze na lile la kale. Siddhartha Gautama alizaliwa Lumbini, mahali ambapo leo pamo katika nchi ya Nepal, na wataalamu wengi huyaweka maisha yake karibu na karne ya 5 kabla ya Kristo. Mapokeo ya Wabudha yanasimulia kwamba alilelewa katika raha za jumba la kifalme, akizuiliwa asione uchungu wowote wa dunia, hata siku alipotoka nje akakutana na mzee, na mgonjwa, na maiti, na hatimaye mtawa mwenye uso wa utulivu. Akiwa na umri wa miaka 29 aliiacha nyumba yake, mkewe na mtoto wake mchanga. Kwa muda wa miaka sita aliutesa mwili wake kwa kufunga, mpaka akabaki mifupa, naye hakupata alichokitafuta. Ndipo alipoketi chini ya mti mmoja wa jamii ya mikuyu, mahali panapoitwa leo Bodh Gaya, katika jimbo la Bihar nchini India, akaazimia kutoondoka mpaka aone.

Aliona nini? Hapa tunapaswa kuwa waangalifu. Mapokeo hayasemi kwamba alipata elimu ya nyota au ya mawe, wala kwamba alitokewa na Mungu. Yanasema kwamba aliiona sababu ya mateso ya wanadamu, na sababu hiyo katika lugha ya Kipali inaitwa kwa neno ambalo maana yake ya asili ni "kiu". Mwanadamu ana kiu ya kumiliki, kiu ya kuendelea kuwepo, kiu ya kutokuwepo. Na kwa kuwa kila kitu kinapita, kiu hiyo haizimwi kamwe kwa kunywa. Dawa ni kuing'oa, kwa kufuata njia ya mambo manane yanayogusa maadili, nidhamu ya mawazo na hekima.

Jina Budha lenyewe halimaanishi "aliyeangaziwa". Linatoka katika shina la Kisanskriti lenye maana ya kuamka. Budha ni "aliyeamka". Na lile lengo la mwisho, nirvana, maana yake ni kuzimika, kama moto unavyozimika ukikosa kuni. Tuone basi ajabu ya lugha: jambo ambalo sisi tumezoea kulisikia likiitwa kuwashwa kwa taa, wenyewe wanalizungumza kama kuamka usingizini na kuzimwa kwa moto. Baada ya usiku ule alikwenda Sarnath, karibu na Varanasi, akawafundisha wenzake watano wa zamani, kisha akatembea akifundisha kwa muda wa miaka kama 45, mpaka alipofariki Kushinagar akiwa mzee wa miaka 80.

SWALI LILILOANDIKWA CHINI YA UKURASA

Sasa tuvuke bahari na kuziruka karne nyingi. Mwezi Desemba 1783, katika gazeti moja la mwezi la mjini Berlin, mchungaji wa Kiprotestanti aitwaye Johann Friedrich Zöllner alichapisha makala. Waamini wapendwa watastaajabu kusikia makala hiyo ilihusu nini: ilihusu ndoa. Mwandishi mwingine alikuwa amependekeza katika gazeti hilohilo kwamba watu walioelimika hawahitaji kuwaita wachungaji katika harusi zao. Zöllner alipinga, na katika maelezo madogo chini ya ukurasa akauliza: huo mwangaza ambao kila mtu anautaja ni kitu gani hasa? Alisema kwamba swali hilo lilistahili kujibiwa kabla watu hawajaanza kuwaangazia wengine.

Majibu yalikuja. Mwezi Septemba 1784 alijibu Moses Mendelssohn, mwanafalsafa wa Kiyahudi. Mwezi Desemba mwaka huohuo likachapishwa jibu la Immanuel Kant, mwalimu wa chuo kikuu cha Königsberg, mji ambao leo ni Kaliningrad nchini Urusi. Jibu lake lina kurasa chache tu, lakini limesomwa mpaka leo.

Kant alisema, kwa maneno tunayoyafupisha, kwamba mwangaza ni mtu kutoka katika utoto aliojiwekea mwenyewe. Hakuwa na maana ya utoto wa umri. Alikuwa na maana ya hali ya mtu mzima anayeogopa kutumia akili yake bila kushikwa mkono na mwingine. Chanzo chake, alisema, ni uvivu na woga, kwa maana ni raha kubwa kukaa chini ya ulezi. Akatoa mifano mitatu: mtu anacho kitabu cha kumfikiria, anaye daktari wa kumchagulia chakula, na anaye mchungaji wa kuwa na dhamiri kwa niaba yake. Akaongeza kwamba ameweka mkazo katika mambo ya dini, kwa sababu utoto wa namna hiyo ndio wenye madhara na fedheha kuliko yote.

Hakuwahimiza watu wavunje kila utaratibu. Alifundisha kwamba askari atii amri, raia alipe kodi, na mchungaji afundishe katika kanisa lake mafundisho ya kanisa hilo. Lakini kila mmoja wao, akiwa mwanachuoni anayeandika mbele ya watu wote, awe huru kuhoji. Yeye mwenyewe alikuja kuonja ugumu wa jambo hilo. Mwaka 1793 alitoa kitabu juu ya dini, na mwaka 1794 mfalme Frederick William II wa Prusia akamkemea kwa barua. Kant aliahidi kunyamaza juu ya dini. Mfalme alipofariki mwaka 1797, alihesabu kwamba ahadi hiyo imefariki pamoja naye, akaandika tena.

Tazameni basi tofauti. Yule wa Bodh Gaya alitafuta kuwekwa huru kutoka katika kiu ya nafsi yake. Yule wa Königsberg alitafuta kuwekwa huru kutoka katika mikono ya walezi wake. Mmoja aliketi kimya usiku kucha, mwingine alitaka gazeti na mjadala wa hadhara. Wajerumani wana maneno mawili kwa mambo haya, na lile wanalolitumia kwa harakati ya akina Kant hutumika pia kwa anga linapotakata baada ya mawingu. Wafaransa nao wanayatenga: moja ni mianga, jingine ni kuamka. Ni katika Kiingereza, ambacho ndicho kilichotufikishia sisi wengi habari hizi, ambapo neno moja lilitumika kwa yote mawili, hasa baada ya wataalamu wa Ulaya wa karne ya 19 kuanza kufasiri vitabu vya Kipali na Kisanskriti. Ndipo yalipochanganyika, na kijana wa leo anaweza kudhani kwamba Kant na Budha walifika nyumba moja kwa njia mbili.

MWANGA NA KIVULI CHAKE

Je, tuutazame Mwangaza wa Ulaya kama adui? Wapo waamini wanaofikiri hivyo, na wanazo sababu. Mwezi Septemba 1792, katika magereza ya Paris, waliuawa maaskofu watatu na mapadre wengi waliokataa kiapo kilichotakiwa na serikali ya Mapinduzi. Baba Mtakatifu Pius XI aliwatangaza 191 kati ya wahanga wa siku zile kuwa wenyeheri mwaka 1926. Mwezi Novemba 1793 kanisa kuu la Notre-Dame lilifanywa hekalu la Akili. Watu walioahidi kuifukuza giza waliwasha moto.

Kipo na kivuli kingine, kinachotugusa sisi Waafrika kwa karibu zaidi. Kant huyuhuyu aliyewaita watu watumie akili zao, katika kitabu chake cha mwaka 1764 aliandika kwa dharau juu ya watu weusi, kana kwamba akili hiyo hawakupewa. Na alikuwa na sababu ya kujua vinginevyo. Anton Wilhelm Amo, aliyezaliwa karibu na Axim, katika nchi ambayo leo ni Ghana, karibu na mwaka 1703, alipelekwa Ulaya akiwa mtoto mdogo, akabatizwa na kusomeshwa. Mwaka 1729, katika chuo kikuu cha Halle, alitetea hoja juu ya haki za watu weusi katika Ulaya. Mwaka 1734 alipata shahada ya udaktari wa falsafa Wittenberg. Kisha akafundisha Halle na Jena. Kant alikuwa bado mtoto wa shule wakati Mwafrika huyu alipokuwa akiwafundisha Wajerumani falsafa. Baadaye Amo alirudi katika pwani aliyozaliwa. Taa iliyowashwa Ulaya ilimulika mbali, lakini waliokuwa wameishika hawakumwona aliyesimama kando yao.

Pamoja na hayo, haki inatudai tuseme na lililo jema. Kabla ya Kant, mwaka 1631, alikuwepo padre Mjesuiti, Friedrich Spee, aliyewatunza kiroho wanawake waliohukumiwa kufa kwa tuhuma za uchawi. Alichapisha kitabu bila kuweka jina lake, akionyesha kwa hoja baada ya hoja kwamba mateso humfanya mtu asiye na hatia akiri lolote, na kwamba mahakama zile zilizalisha wachawi badala ya kuwakamata. Alitumia akili dhidi ya hofu ya watu wote, na aliitumia kwa sababu aliamini. Karne iliyofuata, ile iliyojiita ya mwangaza, iliendeleza kazi hiyo hata kesi zile zikakoma katika Ulaya. Sisi tunaojua jinsi bibi kizee anavyoweza kuuawa kijijini kwa sababu ya macho mekundu, ambayo moshi wa jikoni ndio uliyoyafanya mekundu, hatuna ruhusa ya kuudharau mwanga wa namna hiyo.

WALIOKUTANA NJIANI

Kanisa lilikutana na Mashariki hata kabla halijajua kwamba limekutana nayo. Katika Enzi za Kati Wakristo wa Ulaya walipenda sana habari za Mtakatifu Josafati, mwana wa mfalme wa India aliyefungiwa katika jumba la raha, akatoka, akaona ugonjwa na uzee, kisha akafundishwa na mkaapweke Barlaamu na kubatizwa. Masimulizi hayo yalikuwa yamesafiri kutoka India, yakapita katika Kiarabu, Kigeorgia na Kigiriki, hata yakafika Kilatini katika karne ya 11. Jina lenyewe lilikuwa limebadilika njiani kutoka katika neno bodhisattva, yaani aliye njiani kuelekea kuamka. Katika karne ya 16 liliingizwa katika orodha ya watakatifu ya Roma, tarehe 27 Novemba. Ni katika karne ya 19, mnamo mwaka 1859 na 1860, ambapo wataalamu walionyesha wazi kwamba masimulizi hayo yalikuwa maisha ya Budha yaliyovikwa kanzu ya Kikristo.

Lakini yupo aliyekutana nao uso kwa uso, macho yakiwa wazi. Ippolito Desideri, Mjesuiti aliyezaliwa Pistoia nchini Italia mwaka 1684, aliingia Lhasa, mji mkuu wa Tibet, mwezi Machi 1716, baada ya safari ya kutisha kupitia Ladakh na milima ya theluji. Mtawala wa nchi, Lhazang Khan, alimpokea vizuri. Mwezi Januari 1717, siku ya Epifania, Desideri alimkabidhi kitabu alichokitunga kwa Kitibeti, ambacho jina lake linazungumzia alfajiri na jua linaloondoa giza. Mtawala alikisoma, akamshauri jambo la busara: kabla ya kubishana na dini ya Watibeti, aijifunze kwanza. Akaenda kukaa katika monasteri ya Wabudha, hatimaye ile kubwa ya Sera, akisoma vitabu vyao na kusikiliza mijadala yao. Vita vilipozuka mwishoni mwa mwaka 1717 na Lhazang Khan kuuawa, alihamia jimbo jingine, akaendelea kuandika.

Desideri hakuficha kwamba hakukubaliana nao. Alipinga fundisho la kuzaliwa upya, na alipinga wazo kwamba hakuna Mungu aliyeumba vyote. Lakini alipinga kwa lugha yao, kwa hoja zao, baada ya kuwaheshimu kiasi cha kuketi darasani mwao. Roma iliamua kwamba misioni ya Tibet ni ya Wakapuchini, naye akaondoka mwaka 1721. Alifariki Roma mwaka 1733, na maandishi yake yakabaki katika makabati mpaka mwishoni mwa karne ya 19. Katika karne ileile ambayo Ulaya iliizungumzia akili kuliko karne zote, mmoja wa walioitumia vizuri zaidi hakusomwa na mtu.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Nostra Aetate ya tarehe 28 Oktoba 1965, uliutaja Ubudha kwa jina na kufundisha kwamba Kanisa halikatai lolote lililo la kweli na takatifu katika dini hizo. Njia hiyo si nyepesi. Mwaka 1994 Baba Mtakatifu Yohane Paulo II aliandika juu ya Ubudha maneno ambayo watawa wengi wa Sri Lanka waliyaona kuwa yanawadharau, na alipoitembelea nchi hiyo Januari 1995 viongozi wao hawakuhudhuria mkutano naye. Hata palipo na nia njema, maneno yanahitaji utaratibu kama ule wa Desideri: kusikiliza kwanza.

NA SISI JE?

Wakristo wa kwanza walikuwa na neno lao. Katika karne ya 2 Mtakatifu Yustino, aliyekuwa mwanafalsafa kabla ya kuwa mfiadini, aliueleza Ubatizo kuwa ni kuangaziwa, akisema kwamba wanaojifunza mambo haya huangaziwa katika akili. Ndiyo maana katika Mkesha wa Pasaka tunawasha mishumaa yetu kutoka katika mshumaa mmoja. Mwanga huo hatuutengenezi kwa kufunga wala kwa kusoma. Tunaupokea kutoka kwa Mtu mwingine. Hapo ndipo tunapotofautiana na Bodh Gaya na Königsberg pia.

Lakini kuupokea si kulala. Tukumbuke Injili ya kipofu wa kuzaliwa, sura ya 9 ya Yohane, inayosomwa katika Kwaresima kwa ajili ya wanaojiandaa kubatizwa. Wakubwa walipowahoji wazazi wake, waliogopa kufukuzwa katika sinagogi, wakasema aulizwe mwenyewe, kwa kuwa amekwisha kuwa mtu mzima. Na yule mtu mzima akajibu. Hakuwa na elimu yao, lakini aliwawekea hoja iliyonyooka: Mungu hawasikilizi wakosefu hivyo, na huyu amenifumbua macho. Kwanza alimwita Yesu mtu tu, kisha nabii, kisha aliyetoka kwa Mungu, na mwishowe akamsujudia. Imani yake ilikua kadiri alivyoithubutu akili yake. Walioijua Sheria ndio waliobaki gizani, kwa sababu walikuwa na hakika kwamba wanaona.

Basi kijana anapotuuliza kwa nini tunaamini, tusimwambie kwamba kuuliza ni dhambi, wala tusimtume kwa paroko kana kwamba dhamiri ya nyumba nzima imewekwa sakristia. Mtaguso ulitufundisha kwamba dhamiri ni patakatifu pa mtu, anapokuwa peke yake na Mungu. Paroko anaweza kusaidia kuiunda, hawezi kuibeba. Na yule anayetafuta ukimya wa Mashariki, tumwonyeshe kwanza ukimya wetu mbele ya tabernakulo, tukiwa sisi wenyewe tumekaa humo. Tukimkuta ameelewa habari ya kiu kuliko sisi, tuketi tumsikilize. Kisha tumsimulie habari za mwanamke Msamaria, ambaye naye alikuja kisimani na kiu, na hakuambiwa aizime, bali aliahidiwa maji.

Tumsifu Yesu Kristo. Milele na milele. Amina.